Naomba ushauri: taa ya kruzi inawaka, SET haishiki

Wakuu, gari ni otomatiki, swichi ya kruzi (mfumo wa kushikilia mwendo bila kukanyaga mafuta) ni kile kijiti cha nyuma ya usukani, kulia kwa chini. Nikibonyeza kitufe cha ncha taa inawaka kwenye dashibodi, ila nikishusha kijiti kwenye SET (kuweka mwendo wa kushikiliwa) nikiwa 80 km/h, kimya. Fyuzi nzima.

Nimechomoa betri nikapima kwa multimita kwenye soketi iliyo chini ya usukani. ON/OFF karibu omu 0, RES (kurudia mwendo uliowekwa) 240, CANCEL 1540, zote sawa. SET inatakiwa 630 hivi, lakini inarukaruka kati ya 700 na 900. Usukani ukizungushwa hakuna tofauti, na vitufe vyote vinapita waya zilezile mbili, kwa hiyo keboli ya duara (ile inayopitisha umeme kwenye usukani unaozunguka) siishuku.

Je, kontakti za ndani ya kijiti zinasafishika kwa spirei zikadumu, au ninunue kipya tu? Kukitoa lazima eabegi ing'oke (betri nje, sekunde 90 kwanza), sitaki kufungua mara mbili.

Pia swichi ya breki: taa za nyuma zinawaka vizuri, ila hiyo inathibitisha kontakti moja tu. Ile ya pili, inayokata kruzi, mnaipimaje bila kuishusha swichi?