Maji ya moto hayazunguki: tubadili mabomba, tuweke pampu au tuhamie hita ya umeme?

Mkazi wa Raskazone
Ndugu zangu, nyumbani kwetu hapa Tanga tunatumia mtambo wa kupasha maji kwa jua usio na pampu: paneli iko juu ya paa, tangi la lita 200 liko juu zaidi kwenye jukwaa lake, na maji hushuka bafuni kwa uzito wake mwenyewe. Saa sita mchana bomba linalotoka juu ya paneli haligusiki kwa moto, ilhali maji ya tangini ni vuguvugu tu. Nimeshauriwa mambo matatu: kubadili mabomba ya nusu inchi kuwa ya robo tatu, kuongeza pampu ndogo, au kuachana na jua na kununua hita ya umeme ya bafuni. Lipi lina manufaa zaidi, na kwa nini?

Fundi Chumbageni
Kabla ya bei, tuangalie nguvu inayoyazungusha maji kati ya paneli na tangi, kwa kuwa ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Lita moja ya maji yenye nyuzi 25 ina uzito wa gramu 997 hivi, na yenye nyuzi 60 ina gramu 983. Kwa kimo cha nusu mita, tofauti hiyo, ambayo hufanya maji baridi yashuke na ya moto yapande, hutoa msukumo unaolingana na kina cha maji cha milimita 7 tu. Kwa msukumo huo, kila kiwiko na kila koki isiyofunguka sawasawa ni kikwazo cha kweli. Ndiyo maana naipa kazi ya mabomba nafasi ya kwanza: ukitoka nusu inchi kwenda robo tatu, katika mwendo wa polepole kama huu, ukinzani hupungua takriban mara tano. Hata hivyo, upana pekee hautafaa kitu ikiwa bomba la moto linapanda, linashuka kidogo, kisha linapanda tena kabla ya kuingia tangini, kwa sababu hewa inayotoka kwenye maji yanapopata joto hukusanyika hapo juu na kuziba njia. Lipande mfululizo. PVC ya kawaida usiikaribishe, na kipande kinachoshikana na paneli kiwe cha chuma au shaba, kwani maji yakisimama juani hupata joto lisilovumiliwa na plastiki.

Binti Pangani
Kuhusu mabomba nakubaliana na Fundi, ila pampu nayo isidharauliwe. Katika nyumba ambayo tangi haliwezi kuinuliwa juu ya paneli, sioni njia nyingine ya maana. Pampu ya volti 12 inayoendeshwa na paneli ndogo ya umeme wa jua huwaka jua linapotoka na kusimama linapozama, hivyo umeme wa nyumbani ukikatika haiathiriki. Lakini kwa Mkazi, ambaye tangi lake tayari liko juu, ni kununua kifaa kitakachoharibika siku moja ili kufanya kazi ambayo maji yanaweza kuifanya yenyewe. Hita ya bafuni ningeiweka mwisho: nyingi hutumia kilowati 3.5 hadi 5.5, huhitaji waya mnene na erthi ya uhakika, na baadhi hazijiwashi presha ikiwa ndogo. Tangi la juu ya paa hutoa takriban baa 0.1 tu kwa kila mita ya kimo.

Mzee wa Pongwe
Naomba kuuliza mambo mawili ambayo hayajaguswa. Je, maji ni ya kisima au ya bomba? Huku kwetu Pongwe, na Amboni vilevile, mwamba ni wa chokaa, na maji ya kisima yakipashwa moto huacha ukoko unaoziba vijibomba vya paneli. Ukiwa ndio huo, mabomba mapya hayatasaidia mpaka paneli isafishwe kwa siki au asidi ya limau. La pili: maji ya tangini yanafika juu ya tundu la bomba la moto? Yakiwa chini yake, mzunguko hukatika hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Mkazi wa Raskazone
Shikamoo Mzee. Maji yetu ni ya bomba. Nimepanda kutazama, na boya limefungwa chini kiasi kwamba maji yanaishia vidole vinne chini ya tundu hilo. Nimeliinua, na jioni hii maji ya bafuni ni ya moto kweli, ingawa bado yanachelewa. Pampu na hita nimeziacha. Bomba la moto nitalibadilisha kuwa la robo tatu.

Fundi Chumbageni
Vizuri. Ukilibadilisha, pima pia kitako cha tangi kiwe angalau sentimita 30 juu ya ukingo wa juu wa paneli. Pengo likiwa dogo, usiku maji hugeuza njia na kupoteza joto kupitia paneli. Usifunge valvu ya springi kuyazuia, kwa sababu msukumo wa milimita 7 hauwezi kuifungua.