Wakuu, mzazi ni lazima akae meza kuu?

Kijana wa Ihumwa: Habari za jioni wakuu. Naoa mwezi ujao hapa Dodoma. Mama yangu hajazoea mambo ya ukumbini, uma na kisu vinamsumbua. Nikimkalisha na wageni wengine, nyuma kidogo, kuna ubaya? Ushauri wa kistaarabu tafadhali.

Mama Zabibu: Mwanangu, uma mtu anafundishwa jioni moja. Mimi harusi ya binti yangu nililia mpaka kilemba kikadondoka, pilau sikuonja. Na kamati ikala michango. Hiyo nitaifungulia uzi wake.

Mwana Bahi: Mbukwenyi! Dogo unaficha kitu. Mama anafanya kazi gani?

Kijana wa Ihumwa: Biashara ndogondogo.

Mwana Bahi: Ipi? Wapi?

Kijana wa Ihumwa: Haya. Anauza vitumbua Mtumba, jirani na ofisini kwetu. Baba mkwe ni mkubwa wangu wa kazi, naye hununua hapohapo. Nilipoajiriwa sikusema, siku zikaenda. Mama mwenyewe ananiita "bosi" kama wateja wengine, wala sikumtuma. Na simdhulumu: nalipa kila asubuhi, chenji sichukui. Halafu kadi zishachapwa, penye jina la mzazi kuna shangazi.

Mzee wa Kongwa: Chenji! Katiba ya 1977, ibara ya 12: "Kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake." Umeona hapo, KUTAMBULIWA.

Kijana wa Ihumwa: Mzee, ukumbi kalipia baba mkwe. Katiba haikuchanga.

Fundi Chang'ombe: Chai hii, tena ya rangi. Mwaka jana huyuhuyu aliomba ushauri wa shamba la zabibu, akasema karithi baada ya kufiwa na wazazi wote wawili. Marehemu kafufuka anakaanga vitumbua?

Mama Zabibu: Shamba liko Hombolo? Ni ile Makutupora nyekundu?

Mwana Bahi: Mama Zabibu jamani!

Kijana wa Ihumwa: Fundi, ule uzi mchumba wangu alikuwa anausoma.

Fundi Chang'ombe: Kwa hiyo ukweni wanajua mama alishazikwa. Duh.

Kijana wa Ihumwa: Leo asubuhi kaniongezea viwili. Kasema, "Bosi, nasikia unaoa. Hongera."

Mwana Bahi: Ukamjibu nini?

Kijana wa Ihumwa: Nikasema asante mama. Pale kila mtu anamwita mama.