Mjadala: Je, kinoo cha asili kikatwe nyumbani?

Hoja iliyoletwa ni ya mtu mwenye kinoo kikubwa cha asili, kinachotosha vipande vitatu: akikate mwenyewe, au akiache kama kilivyotoka machimboni? Wapo waliosema kukata ni kuharibu, na wapo waliosema mashine ya kukatia vigae na kitambaa puani vinatosha. Mimi nakubali kikatwe, ila na hao wa kitambaa siafikiani hata kidogo.

Wanaotetea jiwe zima wana haki kwa jambo moja, kwamba mawe mengi ya kunolea yana tabaka na nyufa zisizoonekana. Langu nililimwagia maji, nikalitazama likikauka. Uso wote ulipokwisha kupauka, ukabaki mstari mmoja wa unyevu, mwembamba kama unywele. Niliudharau, nikaweka alama yangu kando, na jiwe likakatika pale palipokuwa na ule mstari. Hata hivyo, hiyo ni sababu ya kulichunguza jiwe kabla ya kulikata, wala si sababu ya kukataza, kwani patasi ndogo ya kuchongea hainoleki vizuri juu ya jiwe pana kama inavyonoleka kwa kipande kinachoshikika mkononi.

Suala zito ni vumbi. Novakulaiti, jiwe la kunolea la Arkansas, Marekani, karibu yote ni silika, yaani madini yaleyale ya mchanga mweupe, na ugumu wake unakaribia 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, ndiyo maana msumeno wa kawaida wa chuma huisha meno bila kuingia. Ukiikata kavu kwa mashine, chembe zinazodhuru ni zile usizoziona, ambazo hupenya kitambaa, hufika ndani kabisa ya mapafu na huyaachia makovu yasiyotibika. Ugonjwa huo ndio silikosisi. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya namna hii, ikivutwa kama vumbi, katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mchangiaji mmoja amesema anakata mara moja tu, na ni kweli kwamba silikosisi kwa kawaida huwapata waliovuta vumbi hilo kwa miaka. Lakini vumbi likishatua kwenye mapazia na matandiko, huvutwa na watu ambao hawakuulizwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba jiwe likatwe likiwa majini, ndani ya beseni, kwa msumeno wa mkono wenye chembe za almasi, taratibu, ukianzia upande mmoja kisha ukigeuza upande wa pili ili mikato ikutane katikati na pembe zisimeguke. Mashine ya umeme isiyotengenezwa kwa kazi ya maji isisogezwe karibu na beseni hilo. Tope lifutwe lingali bichi, na nguo uliyovaa ilowekwe papo hapo, kwa maana tope lililokauka kwenye nguo ni vumbi lilelile tulilolikimbia.