Haller Park, Mama Ngina au Uhuru Gardens: shangazi mpenda miti nimpeleke wapi?

binti_kisauni: Asalaam aleikum wanajamvi. Shangazi yangu anakuja kututembelea Mombasa. Alikuwa mwalimu wa kilimo, hivyo wanyama si hoja, yeye ni miti. Magoti yanamsumbua, na tuna siku moja tu. Wapi hapo?

Baharia: Haller Park, mjadala umefungwa. Pale palikuwa shimo la kuchimbia mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi: jiwe tupu la matumbawe, jua kali, maji ya chumvi chini. Mwaka 1971 René Haller akaanza kujaribu miti. Katika aina 26 zilihimili tatu tu, mvinje ukiwemo. Tabu ni kwamba vijisindano vya mvinje haviozi upesi. Akaleta majongoo, wakavila, na kinyesi chao ndicho kikawa udongo. Magoti yakimruhusu ainame, afunue hayo majani makavu atazame chini. Mwalimu wa kilimo hatoki hapo!

mkaazi_kizingo: Huo msitu wa juzi, yakhe. Mibuyu ya Mama Ngina, bustani ya ufukweni hapa Kizingo, babu zetu waliikuta. Kuingia bure, na tangu ukarabati wa 2019 viti vipo tele na njia ni laini. Meli zinapita karibu mpaka unasoma jina ubavuni. Mkononi una muhogo wa kukaanga, pilipili na ndimu. Ila Jumapili jioni msithubutu, watu kama siafu.

mwalimu_tudor: Mibuyu mikongwe, sawa, lakini nani atamsimulia? Haller kuna waelekezi. Halafu yule kiboko Owen, aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 akaandamana na kobe Mzee, hapo ndipo alipopelekwa. Najua, si mti, lakini hata shangazi atacheka.

binti_kisauni: Na Uhuru Gardens hamkuitaja?

mkaazi_kizingo: Picha kwenye Pembe, yale mapembe makubwa ya ndovu ya Moi Avenue, mkapumzike kivulini dakika kumi, basi.

binti_kisauni: Basi Haller asubuhi, Mama Ngina baada ya alasiri.

Baharia: Haller mtembee polepole, njia ni ndefu kwa magoti mabovu. Kwenda Kizingo si tabu. Kazi ni kurudi Kisauni jioni: foleni ya daraja la Nyali unaijua mwenyewe. Bora mswali magharibi mjini ndipo mtoke.

binti_kisauni: Shukran. Muhogo juu ya nani?