Mchuaji tunayemjua sote ameniambia kuwa mgongo wangu una uvivu, na mama mkwe alikuwapo

Assalaamu alaykum, wana jukwaa. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, kwa sababu huo ndio mkao pekee ambao kiuno changu kimenikubalia, na hasira niliyonayo haiwezi kungoja nipate nafuu. Sitamtaja jina. Hapana mtu wa Chake Chake aliyewahi kushikwa na kiuno asiyemjua, na aliyebahatika kutomjua ataelekezwa kwake na mtu wa kwanza atakayemwona anachechemea.

Mimi ni dereva wa gari la abiria la Chake na Konde. Nakaa tangu alfajiri hadi magharibi juu ya kiti ambacho sponji yake imekwisha zamani, na wiki hii maumivu yalinizidi hata nikawa siwezi kurukuu, naswali juu ya kiti. Leo baada ya Alasiri nikaenda kwa huyo bwana. Kwanza alinimiminia mafuta ya makonyo, yaani ya vikonyo vya karafuu, bila ya kuyachanganya na tone la mafuta ya nazi, na ngozi ikawaka kiasi ambacho nadhani moshi ulionekana Wete. Kisha akaniwekea goti kiunoni, akapokea simu, akaanza kupatana bei ya mbuzi na mtu wa Micheweni, na kila bei ilipopanda ndipo goti nalo lilipozidi kushuka. Yote hayo niliyavumilia. Mbuzi alipopatikana, alinipiga kofi la mgongo na kutamka, kwa sauti ya mtu anayeadhini: “Mgongo huu hauna maradhi. Mgongo huu una uvivu.”

Uvivu! Pazia lilikuwa nusu wazi, barazani walikuwa wamejaa watu wanaosubiri zamu, na miongoni mwao, kwa kudra za Mwenyezi Mungu, alikuwamo mama mkwe wangu, aliyekuja kununua mafuta ya goti. Hakucheka, na laiti angecheka. Alijiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakawa yanamtikisika, kisha akasema, “Masikini mwanangu,” na hakubainisha kama mwanawe ni mimi au ni binti yake.

Nikamwuliza yule bwana kwa nini amepokea pesa ikiwa hakuna maradhi aliyoyatibu, akanijibu kuwa pesa ni ya mafuta. Jamani! Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa wakiumwa na kiuno. Je, wote hao ni wavivu? Wote hao wametangaziwa mbele ya wakwe zao? Mgongo huu una uvivu, ati, mgongo ambao umewapeleka skuli nusu ya mnaosoma hapa! Na mlango wa nyumbani kwangu sijui nitauingia kwa uso gani, kwa kuwa mama mkwe ametangulia kufika.

Mchumaji_wa_Mtambile: Pole sana, ndugu yangu. Hata hivyo, ningependa kujua yule mbuzi alikwenda kwa bei gani.

BintiWete: Mimi nilikuwapo barazani, nimemsindikiza babu yangu. Mleta uzi ameacha kueleza kwamba kabla hajaguswa alikwisha kupiga ukelele uliowatawanya kuku wa jirani, na kwamba mtoto wa skuli aliyemtangulia alichuliwa kifundo cha mguu na kutoka akiwa kimya.

Dereva_Mwenye_Kiuno: Dada yangu, kifundo cha mguu si kiuno, na yule mtoto hakuwekewa goti la mtu anayenunua mbuzi. Tena yeye hakuambiwa kuwa ni mvivu.

Mtu_wa_Viungo: Kaka, mimi nafanya kazi ya fiziotherapia, na naomba niseme kwamba uvivu haupimwi kwa kupapasa mgongo. Kiuno kina pingili 5, yaani mifupa ya uti wa mgongo, zinazobeba uzito wa kiwiliwili chote, na mtu anayekaa kutwa ndani ya gari linalotikisika hapaswi kushangaa zikilalamika pamoja na misuli yake. Maumivu ya kiuno yaliyoanza karibuni mara nyingi hupungua ndani ya wiki 6, mtu akichuliwa au asichuliwe, na ndiyo maana kila mchuaji ana watu wa kumsifu. Kuchuliwa kwa mkono wa kadiri hulegeza misuli na kuleta nafuu, ingawa nafuu hiyo aghalabu si ya kudumu, lakini hakuna goti linaloweza kurudisha mahali pake diski, ile tishu laini iliyo kati ya pingili na pingili, inayosemwa kuwa “imeruka”, kwa sababu diski imeshikamana na pingili zake na hairuki. Muongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umetaja kuchua miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Ila ukihisi ganzi kwenye sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au ukashindwa kuudhibiti mkojo, au mguu ukakosa nguvu, usiende kwa mchuaji yeyote. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kwa sasa inuka hapo ulipolala, utembee kidogo kidogo.

Dereva_Mwenye_Kiuno: Ahsante sana. Kwa hiyo umethibitisha kuwa si uvivu. Naomba maneno hayo uyaandike kwenye karatasi na kuyapigia muhuri, nimpelekee mama mkwe kabla ya Isha.

Yakhe_wa_Konde: Amekwambia uinuke utembee. Hayo ndiyo yale yale aliyoyasema mchuaji, isipokuwa huyu amesoma na ana adabu.

Mtoto_wa_Mlandege: Nyinyi watu wa Pemba mna bahati kwamba mnatukanwa kwa bei nafuu. Mimi nilikwenda kuchuliwa kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini huku Unguja, nikatozwa kwa dola, nikapewa maji yenye majani ndani yake, kisha binti akanipangia mawe ya moto mgongoni na kutoka. Nilibaki peke yangu na mawe, nasikiliza filimbi. Kiuno kiliniuma vile vile nilivyoingia nacho, na mfuko ukaanza kuuma pia.

Mchumaji_wa_Mtambile: Mawe ya moto huku tunachomea samaki. Mmezidi kuendekeza watalii mpaka mnajichoma wenyewe.

Bi_Makonyo: Wanangu, hakuna anayezungumzia mafuta, na hapo ndipo ulipo msiba. Mafuta ya makonyo yanayotoka kiwandani Wawi ni makali, yana eujenoli nyingi, ile kemikali inayoyapa karafuu ukali na harufu yake, na huunguza ngozi yasipozimuliwa kwa mafuta ya nazi. Aliyemmiminia mtu mafuta hayo matupu amefanya kosa, lakini walau yake yalikuwa ya kweli. Mimi nimeuziwa chupa sokoni, nikamchua marehemu mume wangu mwezi mzima bila ya yeye kuhisi hata joto, kumbe ni mafuta ya kupikia yaliyotiwa karafuu mbili za kuelea. Muuzaji mnamjua, yule mwenye meza karibu na mlango.

BintiWete: Yule yule aliyeniuzia habasoda iliyochanganywa na mchanga!

Seremala_Mchovu: Afadhali yenu ni mafuta. Mimi nimeuziwa Darajani mkanda wa kiunoni wenye vyuma, nikaahidiwa kuwa nitanyooka. Nimeuvaa kwenye joto la Machi hadi nikapata vipele kila ulipogusa, na sasa naambiwa kwamba muongozo huo huo wa mwaka 2023 unashauri mikanda isitumike kama tiba ya kawaida ya maumivu sugu. Nani atanirudishia pesa yangu?

Dereva_Mwenye_Kiuno: Ndugu zangu, nawaomba turudi kwenye mada. Uzi huu unahusu maneno niliyoambiwa mbele ya mama mkwe.

Yakhe_wa_Konde: Seremala, mkanda wenyewe ni wa ukubwa gani?

Seremala_Mchovu: Ni wa kati, na vyuma vyake havijapinda. Nauza kwa nusu ya bei, na atakayeuchukua leo nitamwongezea chupa ya mafuta ya Bi Makonyo.

Mtoto_wa_Mlandege: Unatuma na Unguja? Boti ya kesho ninaye mtu.

Bi_Makonyo: Wewe seremala, nani aliyekuruhusu kuuza chupa yangu?