Mrejesho: kupima ukali wa maji ya jenereta ya haidrojeni

Wakuu, niliuliza nitajuaje ukali wa maji ya potasiamu haidroksaidi (kemikali ya kupitisha umeme kwenye maji, hapa naiita potasiamu tu) kwenye mtambo wangu bila maabara. Wengine walisema karatasi ya litmasi, mmoja akasema kipimo cha asidi ya betri. Huyo wa betri Mungu ambariki.

Litmasi haifai. Potasiamu ya asilimia 10 na ya 25 zote zinaibadilisha rangi vilevile. Kipimo cha betri kinapima uzito wa maji tu ukilinganisha na maji safi, hakijali ni asidi au la. Zile rangi nyekundu na kijani za kwenye kielea chake puuza, soma namba: asilimia 20 ni karibu 1.19, asilimia 30 karibu 1.29. Kukisuuza ni lazima, masalia ya asidi yakiingia yanaua potasiamu yako.

Kopo langu limeandikwa asilimia 85, kwa hiyo kupata asilimia 20 nilipima gramu 235 za potasiamu kwa gramu 765 za maji. Kumimina ni kidogokidogo, potasiamu ndani ya maji, miwani usoni. Chupa ilichemka hadi haishikiki! Nikaiacha ipoe hasa, maana maji ya moto husoma chini. Kwa joto letu la Malindi kielea kilisimama 1.18, nami nikaridhika.

Maji ni yale ya kuongezea betri, yasiyo na asidi. Ya kisima hapa yana chumvi, na chumvi kwenye umeme hutoa klorini na kula bamba za chuma cha pua za mtambo.

Kina kikipungua naongeza maji hayo ya betri matupu. Potasiamu yenyewe haiendi popote.

Bado natafuta kizuizi cha moto, cha kuzuia moto usirudi mtamboni, cha kuweka kwenye mpira wa gesi. Mwenye nacho Mombasa aseme bei.