Natozwa hela ya parokia na mimi ni Muislamu, hii imekaaje?

MgosiWaPangani
Wakuu salaam. Mwezi wa 4 nilihama kutoka Leicester, huku Uingereza, sasa nakaa kijijini, nusu saa kwa basi. Bili ya kodi ya halmashauri imekuja na mistari mingi kuliko ya mjini: kaunti, wilaya, polisi, zimamoto, na chini kabisa "Parish Council", pauni 71 na peni 40 kwa mwaka. Nimefungua kamusi, parish ni parokia. Mimi mtu wa Pangani, Ijumaa naswali Leicester, kanisa la hapa hata uani sijakanyaga. Hii ni sadaka ya lazima? Naweza kuandika barua nitolewe?

BaridiYabisi
Umebatizwa kwa posta, mgosi 😂 Ikate hiyo 71, lipa iliyobaki.

MamaKunde
Usimsikilize huyo, atakupeleka mahakamani. Ukipunguza hata pauni moja, wilaya inakudai kama umegoma bili nzima.

Mwanangu, nimekaa kijiji cha Lincolnshire tangu 2004 na nimekuwa mjumbe wa baraza kama hilo miaka 8. Hiyo si hela ya kanisa. Zamani mambo ya kijiji yaliamuliwa na kikao cha kanisani, ndipo sheria ya 1894 ikayatoa huko na kuunda baraza la kuchaguliwa. Jina likabaki. Wewe lichukulie kama halmashauri ya kijiji. Marehemu baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji kule Kibosho, na siku ya kwanza nilipoketi kikaoni nikasema moyoni, kumbe ni kilekile, ila hawa wana biskuti.

Hela inapatikanaje? Baraza halina mtoza ushuru. Kwenye Januari linakaa, linapiga hesabu ya mwaka, linaiandikia wilaya kiasi linachotaka (huku wanakiita prisepti), na wilaya inakigawanya kwenye nyumba zenu. Ndiyo maana uliona karatasi moja. Serikali kuu haitoi ruzuku ya kila mwaka kwa mabaraza haya, na tofauti na wilaya, ambayo ikivuka kiwango lazima iitishe kura ya wananchi, baraza la kijiji halijawekewa kikomo. Kwa hiyo kikao cha Januari usikikose. Tangazo hubandikwa siku 3 kamili kabla, na mtu yeyote anaruhusiwa kukaa nyuma akasikiliza.

Madaraka yake madogo, nisikudanganye. Taa za njiani, makaburi, viwanja vya watoto, vibanda vya basi, ukumbi. Mashimo ya barabarani ni ya kaunti. Vibali vya ujenzi ni vya wilaya, baraza linatoa maoni tu, na maoni yetu yalitupwa mara nyingi. Tangu sheria ya 2011, baraza lenye karani mwenye cheti na theluthi mbili ya wajumbe walioingia kwa uchaguzi, hata bila kupingwa, si kwa kuteuliwa, linaweza kufanya karibu lolote ambalo mtu binafsi anaweza kulifanya kisheria. Letu halikufika huko, maana viti vilikuwa 9 na wagombea tulijitokeza 4. Sisi 4 tukapita bila kupingwa, wengine wakateuliwa kuziba mapengo. Posho hakuna. Kuna jioni tulibishana dakika 50 juu ya rangi ya benchi.

MgosiWaPangani
Shikamoo mama. Sasa mbona Leicester sikulipa?

MamaKunde
Marahaba. Miji mingi mikubwa haina. London yalikatazwa na sheria ya 1963, yakaruhusiwa tena 2007, na Queen's Park, Westminster, ikawa ya kwanza kuchagua lake mwaka 2014. Wakazi hukusanya saini: eneo la wapiga kura 500 hadi 2,500 zinatosha 187, likizidi hapo ni asilimia 7.5. Wilaya, au manispaa kwa London, inalazimika kulichunguza ombi. Kukubali ni hiari yake.

Kivu_Norwich
Mimi ni Mkongomani, nina kibali cha kudumu. Naweza kupiga kura?

MamaKunde
Kwa pasipoti ya Kongo, hapana, pole sana. Mgosi anaweza, Tanzania iko Jumuiya ya Madola. Na akiwa na kibali cha kudumu anaweza hata kugombea, alimradi awe kwenye daftari la wapiga kura au amekaa kijijini, au ndani ya maili 3 kutoka mpakani mwake, miezi 12 iliyopita.

Lakini nyote wawili kuna hili. Sheria ya 1908 inasema wakazi 6, wawe wapiga kura au walipa kodi hiyo hiyo inayowauma, wakiandika barua kuomba vishamba vya kukodi, baraza lazima lilifikirie ombi, na likiona uhitaji upo, ni wajibu wake kuvitafuta. Sisi tulikuwa 6 kamili, wa sita nilimbembeleza mlangoni kwake mvua inanyesha. Ilichukua miaka 2. Leo navuna kunde na mchicha Lincolnshire.

MgosiWaPangani
Mchicha?! Mama, mbegu ulizitoa wapi?

MamaKunde
Njoo inboksi. Na kwanza hesabu majirani.